Bao la sataranji lenye taa: linaijua kastlingi, ila halitaki kukueleza

Kifaa chochote cha kufundishia sataranji kikifika mkononi mwangu, sikipimi kwa uzuri wa mbao wala kwa idadi ya ngazi za ugumu zilizoandikwa kwenye boksi. Nakipima kwa kastlingi, ile hatua ya pekee ambapo mfalme na ngome husogea kwa pamoja, ambayo pia huitwa kuingia ngomeni. Kazi yangu ni kufundisha wanaoanza, wadogo kwa wakubwa, na siku za mashindano madogo huwa nakaa upande wa waamuzi. Kote kuwili swali linaloletwa mezani kuliko yote ni moja: "Mwalimu, hapa mfalme anaruhusiwa kuingia ngomeni?"

Mwendo wa farasi watu huuzoea upesi, ingawa mwanzoni huulalamikia sana. Kastlingi haizoeleki hivyo, na sababu yake iko wazi. Ukitaka kujua kama askofu anaweza kufika mraba fulani, tazama bao, jibu liko pale. Ukitaka kujua kama mfalme anaweza kuingia ngomeni, kutazama hakutoshi. Lazima ujue yaliyotokea tangu mchezo uanze. Mfalme mweupe anaweza kuwa amekaa e1 na ngome h1, miraba yao ya kuanzia, njia iko wazi, hakuna adui anayetazama huko, na bado isiruhusiwe, kwa kuwa hatua kumi nyuma mfalme alitoka akarudi. Kwa hiyo kifaa kinachoshughulikia kastlingi vizuri ni kifaa kilichotengenezwa na mtu aliyeuelewa mchezo.

Bao ninalolizungumzia ni yale ya kielektroniki yenye kihisi chini ya kila mraba na taa ndogo pembeni. Kete zina sumaku chini. Unacheza dhidi ya programu iliyo ndani yake. Ikitaka kucheza, taa zinawaka kwenye mraba wa kutoka na mraba wa kwenda, wewe unaisogezea kete. Sitalitaja jina, maana mabao ya aina hii yanafanana kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri, na hukumu yangu inahusu namna linavyofundisha. Kuhusu umbo lake nitasema kidogo tu: kete ni nzito kiasi kizuri, rangi hazichoshi macho, kifuniko cha betri ni dhaifu.

Sasa kijitabu. Kastlingi imepewa aya moja fupi, na aya hiyo imechanganya mambo mawili ambayo mimi hutumia somo zima kuyatenganisha. Kinasema mfalme hawezi kuingia ngomeni "ikiwa amesogea, ameshambuliwa, au kuna kete katikati." Hakuna uongo hapo, lakini mwanafunzi akisoma hivyo anatoka na picha potofu, kwamba vyote vitatu vina uzito mmoja. Havina. Mfalme akishasogea, haki imekufa mpaka mwisho wa mchezo, hata akirudi e1 mara mia. Ngome ikisogea, haki ya upande ule imekufa, ya upande wa pili ipo. Lakini kushambuliwa na kuzibwa njia ni vizuizi vya muda tu. Ukipigwa cheki leo, yaani mfalme wako akishambuliwa, ukaiziba kwa askofu bila kumgusa mfalme, hatua inayofuata ruksa kuingia ngomeni kama kawaida. Nimekutana na wachezaji wa miaka mingi wanaoamini kwamba cheki moja inamfuta mfalme haki yake milele, na wanabisha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Aya kama hii ya kijitabu ndiyo inayowazalisha.

Kwa anayetaka kanuni yenyewe ikiwa kamili, ni hii: mfalme anasogea miraba miwili kuelekea ngome, kisha ngome inaruka na kutua kwenye mraba ambao mfalme ameupita. Upande wa mfalme, mweupe anaishia na mfalme g1 na ngome f1. Upande wa malkia, mfalme c1 na ngome d1. Mweusi ni vilevile kwenye mstari wa nane. Wote wawili wawe hawajawahi kusogea, kati yao pasiwe na kete yoyote, na mfalme asiwe kwenye cheki, asipite mraba unaoshambuliwa, wala asitue kwenye mraba unaoshambuliwa. Imeisha. Kijitabu kingeweza kuiandika hivyo na kubakiza nafasi ya ile picha ya familia inayotabasamu.

Niliacha kijitabu nikaliuliza bao lenyewe.

Jaribio la kwanza ni lile ambalo huwaangusha wengi: ngome ikishambuliwa. Niliweka mfalme e1, ngome h1, na askofu mweusi d5 akiitazama ngome ile moja kwa moja kupitia g2. Nikamsogeza mfalme hadi g1. Bao likakubali mara moja, taa ya f1 ikawaka kunielekeza ngome iende wapi. Sahihi kabisa. Sheria inamlinda mfalme, haina habari na usalama wa ngome. Hili si swali la watoto peke yao. Mwaka 1974 huko Moscow, katika fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Viktor Korchnoi alikuwa akicheza na Anatoly Karpov mchezo wa 21, na hali ilikuwa hii hii: askofu d5, ngome h1. Korchnoi alimwendea mwamuzi, Alberic O'Kelly, kuuliza kama inaruhusiwa. Akaambiwa ndiyo, akaingia ngomeni kwenye hatua ya 18, na Karpov akasalimu amri hatua iliyofuata. Mwanafunzi wangu akiona aibu kuuliza, namsimulia hiyo.

Jaribio la pili ni ndugu yake. Upande wa malkia, ngome hupita b1 ikielekea d1. Nikaweka ngome nyeusi b8, safu ya b ikiwa tupu, ili b1 iwe chini ya mashambulizi. Mfalme wangu anatoka e1, anapita d1, anatua c1. Hagusi b1 hata kidogo. Bao likakubali tena. Yuri Averbakh, mkuu wa sataranji (grandmaster), mtaalamu wa michezo ya mwisho na bingwa wa zamani wa Muungano wa Kisovyeti, aliwahi kumlalamikia mpinzani wake Cecil Purdy huko Adelaide mwaka 1960 kwa jambo hili hili, akidhani ngome nayo haipaswi kupita mraba unaoshambuliwa. Ikabidi aelezwe kwamba katazo ni la mfalme tu. Basi bao hili, kwa nukta hii moja, lilimzidi mkuu wa sataranji siku ile.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaanza kulipenda.

Kisha nikaweka askofu mweusi a6, mshazari wote wa kuelekea f1 ukiwa wazi, nikajaribu kuingia ngomeni upande wa mfalme. Hairuhusiwi, kwa kuwa mfalme angepita f1. Bao lilikataa, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini namna lilivyokataa ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Taa nyekundu ikawaka e1, mlio mfupi, basi. Halikuonyesha f1. Halikumwonyesha askofu. Nikamrudisha mfalme, nikacheza mchezo mwingine ambapo mfalme alikuwa amesogea zamani akarudi: taa nyekundu e1, mlio mfupi. Nikaweka farasi wangu mwenyewe g1: taa nyekundu e1, mlio mfupi. Sababu tatu tofauti kabisa, jibu moja. Ni bawabu anayekufungia mlango bila kukwambia kama umechelewa, hukualikwa, au umekosea nyumba.

Na hapo ndipo penye hasara, kwa sababu taa zipo! Kila mraba una taa yake. Ingegharimu nini kuwasha f1 kwa rangi nyingine na kumwasha askofu wa a6, mtoto akaona kwa macho yake mstari unaomzuia? Mtu wa miaka minane angeelewa bila maneno. Kwa sababu ya kihistoria, yaani mfalme au ngome kusogea, ingetosha kuonyesha hatua iliyoua haki. Programu inaikumbuka, isingekumbuka isingeweza kukataa. Inajua, inanyamaza.

Hiyo kumbukumbu yake, hata hivyo, ni imara. Nililitega kwa mtego ninaoupenda: mpinzani anakula ngome yangu ya h1, mimi naila kete yake kwa ngome nyingine, ile iliyotoka a1. Sasa h1 kuna ngome, mfalme yuko e1 hajasogea, njia iko wazi. Anayetazama tu atasema twende. Bao lilikataa, maana ngome hii imetembea. Hata kwenye michezo ya watu wazima kumbukumbu hukatika. Dublin 1973 Wolfgang Heidenfeld aliingia ngomeni upande wa mfalme, na baadaye sana katika mchezo uleule akaingia tena upande wa malkia, na mpinzani wake Kerins hakuliona. Na Kerins naye alikuwa ameingia ngomeni, kwa hiyo mchezo mmoja ukawa na kastlingi tatu. Kwa bao hili jambo hilo lisingepita.

Nije kwenye mikono, kwa sababu wanaonunua vifaa hivi wengi wanataka mtoto wao aje acheze mashindano. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kila hatua huchezwa kwa mkono mmoja, na kastlingi ni hatua ya mfalme: unamgusa mfalme kwanza. Ukiigusa ngome kwanza kwa kukusudia, halafu mfalme, huruhusiwi kuingia ngomeni upande huo kwa hatua hiyo. Ukigusa umecheza, na uliyoigusa ni ngome. Bao linafuata hili kwa ukali mzuri. Nikitoa ngome h1 na kuiweka f1, linahesabu nimecheza ngome, zamu imekwisha, mpinzani anafikiri. Wapo watakaolalamika kwamba ni ukatili. Mimi naona ni mafunzo ya bure, maana mtoto akizoea kuanza na mfalme hapa, hatakuwa na la kujieleza kwa mwamuzi.

Lakini upande wa mkono mmoja bao ni kipofu. Inua mfalme kwa kulia na ngome kwa kushoto, ziweke pamoja, linafurahi. Kihisi hakioni mikono, naelewa. Kijitabu kingeweza kuonya. Kwenye mashindano, ukicheza kastlingi kwa mikono miwili na ukabonyeza saa, inahesabiwa sawa na hatua haramu: mara ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika 2 katika mchezo wa muda wa kawaida, mara ya pili umeshindwa. Kijana aliyejifunza peke yake na bao hili kwa mwaka mzima anaweza kufika mezani akiwa na tabia hiyo ndani ya vidole, na vidole ni vigumu kufundisha upya kuliko kichwa.

Kuna na lile la kujaribu kuingia ngomeni kinyume cha sheria. Mezani, umemgusa mfalme, basi ni lazima ucheze hatua nyingine halali ya mfalme kama ipo, hata ikiwa mbaya, au uingie ngomeni upande wa pili kama huko inaruhusiwa. Bao linakuruhusu kumrudisha mfalme na kucheza kitu kingine chochote. Hili silihesabu kuwa kosa. Kifaa cha kujifunzia hakina haja ya kuwa mwamuzi mkali, ingawa kitufe cha kuwasha "kanuni za mashindano" kingekuwa kitamu.

Penye kosa halisi ni kwenye kuweka hali ya bao mwenyewe. Unaondoa kete zote, unazipanga upya, kisha unaliambia lianze. Linakuuliza zamu ni ya nani. Halikuulizi haki za kastlingi. Linachukulia tu kwamba mfalme akiwa e1 na ngome h1, haki ipo. Kwa anayetatua mafumbo hilo si baya, maana desturi ya mafumbo ya sataranji ni kwamba kastlingi inahesabiwa kuwa ruksa isipokuwa ithibitike haiwezekani. Lakini ukitaka kuendeleza mchezo uliokatika jana ambapo mfalme alishatembea, bao litakupa haki usiyokuwa nayo. Na njia ya kuandika hali ya bao kwa mstari mmoja, FEN, inayotumiwa na programu karibu zote, ina sehemu maalumu ya herufi nne, KQkq, kwa kazi hii tu: herufi kubwa za mweupe, ndogo za mweusi, K upande wa mfalme, Q upande wa malkia, na haki iliyokufa herufi yake inafutwa. Waliotengeneza bao hili bila shaka wanaitumia ndani. Wangetuwekea maswali manne ya ndiyo au hapana.

Jingine la aina hiyo ni sare ya kujirudia. Hali ileile ikitokea mara 3, mchezaji anaweza kudai sare. Lakini hali mbili si moja ikiwa haki za kastlingi zimebadilika kati yake. Nilicheza mfalme e1 kwenda e2 na kurudi, mweusi naye akitoa farasi na kumrudisha, kete zote zikawa palepale. Mara ya kwanza mfalme alikuwa bado na haki. Baada ya kurudi hana. Hesabu ya kweli inaanza upya pale aliporudi. Bao likanitangazia sare mapema, kwa taa zote kuwaka na wimbo juu. Anayecheza kwa kujifurahisha hataona kamwe. Mimi niliona, na kwa kifaa kilichoandikwa kwenye boksi kwamba kinafuata sheria za FIDE, naliandika hapa.

Kitufe cha kurudisha hatua, kwa upande mwingine, kilinishangaza kwa uzuri wake. Nilimsogeza mfalme, nikarudisha hatua, nikajaribu kuingia ngomeni: likakubali. Programu nyingi za bei rahisi hufanya mfalme arudi bila haki yake kurudi naye. Hapa mtu alifikiri.

Kuna pia hali ya Chess960, mchezo aliotangaza Bobby Fischer mwaka 1996, ambapo kete za nyuma hupangwa kwa bahati nasibu. Huko mfalme anaweza kuanza karibu popote kati ya ngome zake mbili, lakini baada ya kastlingi wote wanaishia palepale pa kawaida, g na f au c na d. Wakati mwingine mfalme hasogei kabisa, ni ngome tu inayoruka. Bao linataka umwinue mfalme na kumgusisha kwenye ngome yake, kisha linakuonyesha kwa taa nani akae wapi. Safi sana, na ni sehemu pekee ya kifaa hiki ambapo taa zinatumika kama zilivyostahili kutumika kote. Kuna hata kitufe cha kuzima kastlingi kabisa, mchezo aliopendekeza bingwa wa zamani wa dunia Vladimir Kramnik mwaka 2019 na kuupima pamoja na watu wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, kwa programu yao AlphaZero. Nawashauri walimu wakitumie kwa somo moja tu: mwanafunzi akicheza bila kastlingi na kumwona mfalme wake akihangaika katikati ya bao, hamwambii tena mwalimu kwamba kuingia ngomeni ni kupoteza hatua.

Nani anunue? Kama una mtu wa kukaa naye pembeni akikujibu "kwa nini" kila taa nyekundu inapowaka, ni bao zuri, nalipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama unajifunza peke yako, nyota mbili, na anzia kwenye Lichess, isiyotoza chochote wala kukuwekea matangazo; ina somo fupi la kastlingi la kucheza mwenyewe, na kwenye mipangilio unachagua kama utaingia ngomeni kwa kumsogeza mfalme miraba miwili au kwa kumweka juu ya ngome. Chagua miraba miwili, hata kama njia ya pili ni ya haraka zaidi, kwa sababu ndiyo utakayoitumia mezani. Bao likija na programu mpya, kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuweka askofu a6 na kuangalia kama f1 inawaka.